Mjadala: Majeshi ya Afrika Somalia yanakwama kwa fedha au kwa amri?

Mleta mada: Umoja wa Afrika una wanajeshi Somalia tangu Machi 2007. Ilianza AMISOM, mwaka 2022 ikaja ATMIS, na tangu Januari 2025 ni AUSSOM. Majina yanapokezana, Al-Shabaab, wapiganaji wanaopigana na serikali ya Somalia, wapo palepale. Desemba 2023 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio 2719, linaloruhusu hadi asilimia 75 ya bajeti ya operesheni za namna hii ilipwe kwa michango ya lazima ya wanachama wa Umoja wa Mataifa. Marekani inapinga Somalia iwe ya kwanza kunufaika. Hoja yangu: kinachotukwamisha ni fedha tu. Anayepinga aje na data.

Mchangiaji 1: Napinga, mkuu. Kila nchi ilikabidhiwa sekta yake: Uganda Mogadishu na Shabelle ya Chini, Kenya upande wa Juba, Djibouti Beledweyne, na kadhalika. Kwenye karatasi kuna kamanda mmoja wa kikosi chote. Kiutendaji, kamanda wa sekta hasogezi askari mpaka serikali ya nchi yake iseme ndiyo.

Angalia kambi zilizovamiwa na Al-Shabaab: Leego (Warundi, Juni 2015), Janale (Waganda, Septemba 2015) na El Adde (Wakenya, Januari 2016). Mbinu ni ileile: alfajiri gari la mabomu linavunja lango, wapiganaji wa miguu wanafuata, na msaada unafika kambi imeshavamiwa. Mei 2023 ikajirudia Buulo Mareer. Rais Museveni mwenyewe alitaja wanajeshi 54 waliouawa. Ukiweka kambi ndogo mbali na nyingine, bila kikosi cha akiba cha kuikimbilia, unamchagulia adui pa kupiga. Jirani wa sekta ya pili anaweza kuwa karibu zaidi, lakini hana amri ya kuvuka mpaka wa sekta.

Mchangiaji 2: Na huyo wa akiba ataendaje, kwa miguu? Azimio 2036 la Baraza la Usalama, Februari 2012, liliidhinisha helikopta 12: 9 za usafiri na 3 za mashambulizi. Miaka ikapita hazionekani. (Agosti mwaka huohuo Uganda ilijaribu kupeleka zake, tatu za kivita aina ya Mi-24 zikaanguka Mlima Kenya.) Nchi haitoi ndege bila uhakika wa kurudishiwa gharama. Hata posho: Umoja wa Ulaya ulikuwa ukilipa dola 1,028 kwa askari kwa mwezi, serikali nyingi zilikuwa zinakata kama 200, kisha mwaka 2016 Ulaya ikapunguza asilimia 20. Mlinda amani wa Umoja wa Mataifa alikuwa anahesabiwa zaidi ya dola 1,300. Msiseme fedha ni jambo dogo.

Mchangiaji 3: Nyote mmeruka siasa za majirani. Oktoba 2016 wanajeshi wa Ethiopia waliokuwa nje ya AMISOM waliondoka mji wa Tiyeeglow, Al-Shabaab wakaingia siku hiyohiyo. Januari 2024 Ethiopia ikatia saini makubaliano ya bandari na Somaliland, eneo lililojitenga na Somalia, serikali ya Mogadishu ikataka wanajeshi wa Ethiopia watoke, Misri ikajitokeza kutaka nafasi yao. Ikabidi Uturuki iwasuluhishe Ethiopia na Somalia jijini Ankara, Desemba 2024. Mwaka mzima wa kuvutana, na adui hakuhusika. Asilimia 75 inatibu nini hapo?

Mleta mada: Hapo kwa majirani nakubali. Basi fedha ziende na sharti: sekta inayokataa kuchangia kikosi cha akiba chini ya kamanda mkuu isilipwe.

Mchangiaji 1: Sharti hilo litakufa mezani. AUSSOM imepangiwa askari na polisi 11,826, wakati AMISOM iliwahi kuruhusiwa 22,126. Anayetishia kuondoka leo ana nguvu kuliko anayelipa. Anza na helikopta tu. Mkataba wa kila ndege useme kamanda wa kikosi ndiye anayeamuru irushwe, na saa za kuruka zilipwe kwa amri zilizotekelezwa, isiwe kwa ndege kuegeshwa uwanjani. Nchi ikikataa kifungu hicho, ikodiwe ndege ya kiraia kwa kubeba majeruhi na risasi, na fedha za ndege zisipitie kwake.