Naomba ushauri: namba ya London kwa duka la Mombasa

Assalaam aleikum ndugu zangu. Nina duka dogo la leso na vikoi hapa Mombasa, Mtaa wa Biashara. Wateja wangu wengi siku hizi wako London, na wakiona namba inaanza na +254 wanasita kupiga, wanaogopa gharama. Juzi mama mmoja alitaka leso doti kumi za harusi, akaniandikia: “Mwanangu, huna namba ya huku?” Nikakosa la kumjibu, na harusi haingoji.

Nimeambiwa naweza kukodi namba ya London, ile ya +44 20, simu ikapita kwenye intaneti ikaniingilia mkononi. Kuna aliyefanya hivyo? Hofu yangu kubwa: nikichelewa kulipa, si namba itapewa mtu mwingine, nami nimeshaichapisha kwenye kila mfuko?

Tena intaneti ya dukani husumbua saa moja jioni, na huko ni saa kumi au kumi na moja, wanatoka kazini, ndipo wanapopiga. Au nielekeze simu ziingie laini ya kawaida, hata kama dakika nitalipia mimi?

Mwenye kujua anielekeze tafadhali. Shukran.