Eti nipewe soda nikae! Malalamiko yangu kuhusu diwani wetu

Watu wa Nairobi, hasa nyinyi wa Eastlands, hii nimeiandika kwa hasira na sitaomba radhi. Wadi siitaji, na jina lake silitaji, kwa sababu mambo yako tayari kwenye karatasi iliyopigwa muhuri na sitaki aje kusema nilimchafulia jina kabla hajaulizwa. Wa mtaani kwetu mshajua ni nani. Na mkitaka mniite mshamba, lakini mimi diwani humwita diwani, hata kama tangu 2013 ni MCA, yaani mjumbe wa bunge la kaunti. Kiburi ni kile kile.

Mimi ni fundi wa nguo, nina cherehani mbili kwenye kibanda karibu na steji. Mwaka 2024 orodha ya basari ya wadi, ule msaada wa karo, ilibandikwa ukutani nje ya ofisi yake. Jina la mwanangu lilikuwepo, shule ndiyo hiyo, nambari ya usajili ndiyo hiyo, shilingi 6,000. Nilipiga picha, nikaituma hadi kwa mamangu kijijini. Kumbe nilishangilia ukuta. Mhasibu wa shule alifungua kitabu chake akapitisha kidole mstari kwa mstari, akarudia tena, hakuna kitu. Muhula ukaisha hakuna kitu. Mtoto akarudishwa nyumbani kwa karo ambayo ukutani kwa diwani imeshalipwa.

Na kabla hamjaniletea ule waraka wa Mdhibiti wa Bajeti wa Januari 2025 uliozuia kaunti kutoa basari bila makubaliano na serikali kuu: orodha hii ilibandikwa kabla ya huo waraka. Msinisumbue nao.

Nilienda kumuuliza ofisini kwake, kwa adabu, na mtandio begani. Tulikuwa kama watu ishirini kwenye foleni. Akanitazama, akasema kwa sauti ya wote kusikia, "Mama, ulizaa ukitegemea serikali?" Watu wakacheka. Wengine walicheka kwa woga, naelewa, wao pia walikuwa na fomu mkononi. Nikarudi zangu kibandani, nikasema labda ameamka vibaya.

Kisha ikaja siku ya kikao cha kutoa maoni kuhusu bajeti. Mlangoni msichana ana karatasi za kujiandikisha: jina, nambari ya kitambulisho, simu, sahihi. Juu ya karatasi pamebaki patupu, hakuna kichwa. Nikauliza tunatia sahihi kwa ajili ya nini. "Andika tu mama, kichwa kitawekwa baadaye." Naapa ndivyo alivyosema. Ukitia sahihi unapewa mia tatu. Mimi sikutia, na hiyo mia tatu niliihitaji, msidhani ni ushujaa.

Muda wa maswali nikasimama, nikatoa simu yenye picha ya orodha, nikauliza zile 6,000 ziliingia shule gani. Mheshimiwa akashika kipaza sauti: "Huyu ametumwa. Mpeni soda akae." Na kweli soda ikaletwa. Kijana wa kofia akaniwekea mapajani, Fanta ya moto moto iliyokuwa imekaa juani, kifuniko kimeshafunguliwa. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mwenzake akanipokonya simu, akafuta video ya kikao pamoja na ile picha, akanirudishia na "pole mathe" juu. Soda niliiacha kwenye kiti. Sketi ilikuwa imelowa.

Nimeshonea watu suruali na gauni katika mtaa huu zaidi ya miaka kumi. Hakuna mtu amewahi kunifanya hivyo mbele ya wateja wangu.

Sasa sikieni safari ya kulalamika. Chifu: "Huyo si mtu wangu, mimi ni wa serikali kuu." Msimamizi wa wadi: "Mimi niko upande wa gavana, diwani ni wa bunge." Polisi, kwa ile simu, wakaniandikia OB, yaani kwenye kitabu chao cha matukio, ila afisa aliniuliza mara tatu kama nina hakika, kama mtu anayekuuliza kama una hakika unataka kuruka kutoka ghorofani. Mzee wa nyumba kumi ndiye aliyenikasirisha zaidi: "Si usubiri 2027 umnyime kura?" Yaani nitukanwe leo nijibu baada ya uchaguzi!

Aliyenifungua macho ni mteja, karani wa wakili, nilikuwa namkatia suruali. Akaniambia kwamba mjumbe wa bunge la kaunti ni afisa wa serikali, kwa hiyo Sura ya Sita ya Katiba inamhusu kama inavyomhusu gavana. Ibara ya 73 inasema cheo kinampa wajibu wa kuwatumikia watu, si uwezo wa kuwatawala. Na ile Sheria ya Uongozi na Uadilifu ya 2012 ina kifungu kinachomkataza afisa kumwonea mtu. Hapo akanionyesha kitu ambacho peke yangu nisingekiona: kifungu kinataja tabia ya kuudhi inayorudiwa, ya kumdhalilisha mtu. Inayorudiwa! Kwa hiyo lile tusi la foleni, ambalo nilikuwa nimelimeza, nikalitapika likaingia kwenye barua, na tarehe yake, kisha la ukumbini.

Nikaandika barua tatu. Ya kwanza kwa Spika wa Bunge la Kaunti kupitia kwa Karani wa bunge, kule City Hall. Ya pili kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, kuhusu zile pesa. Ya tatu nikamwandikia diwani mwenyewe, kwa Sheria ya Kupata Habari ya 2016, nikidai orodha ya waliolipwa na nambari za hundi; sheria inampa siku 21. Bado iko Tume ya Haki ya Utawala, wale wa Ombudsman, ambao kupokea malalamiko ya maafisa wanaotumia cheo vibaya ndiyo kazi yao. Hiyo naiweka akiba.

Kila barua nilibeba nakala mbili. Ofisi moja, siitaji, mtu wa mapokezi aliniambia, "Acha tu hapa mama, tutakupigia." Nikakaa kwenye benchi saa moja na nusu mpaka muhuri ukapigwa kwenye nakala yangu. Bila muhuri hukuleta kitu. Mliozungushwa mnajua.

Siku mbili baadaye msaidizi wa diwani akapiga simu, sauti tamu kama kashata. Mheshimiwa anataka tukae chini kama familia, nimtumie jina la shule, karo itashughulikiwa leo leo. Leo leo! Kama pesa ipo, wakati mwanangu anakaa nyumbani ilikuwa imelala wapi? Nilikataa. Wiki hiyo hiyo kanjo wawili, askari wa kaunti, wakaja kupima kibanda changu kwa hatua za miguu, wakaandika kwenye kijitabu, wakaondoka bila kusema neno. Sisemi nani aliwatuma.

Kwa hiyo msiniandikie "pole". Nataka wazazi ambao majina ya watoto wao yalikuwa ukutani na shule haikupokea kitu. Mpaka sasa tuko wanne, na mmoja anaogopa. Na aliyerekodi kikao kile, nilimwona kijana wa jezi nyekundu pale nyuma karibu na dirisha ameinua simu, asiiweke video hapa, kwa sababu msaidizi anasoma. Aje kibandani kama mtu anayeleta zipu ibadilishwe. Nafungua saa mbili asubuhi.