Vitamini C na mafua: hadi lini mgonjwa ataambiwa kwamba kosa ni lake?

Ndugu wanajukwaa,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, wala sitajaribu kuificha. Kwa miaka miwili mfululizo nilikuwa nikinywa gramu 2 za vitamini C kila siku, kwa sababu muuzaji wa virutubisho alinihakikishia, bila hata kupepesa macho, kwamba mwenye kuzinywa bila kukosa hapatwi tena na mafua. Nilipatwa nayo kama miaka yote, na juu yake nikaongezewa tumbo la kuendesha. Niliporudi kulalamika niliambiwa kwamba dozi yangu ilikuwa ndogo, na kwamba ningepaswa kufika gramu 4.

Dozi ndogo! Mtu mzima wa kiume anahitaji takriban miligramu 90 kwa siku na wa kike 75, kwa mujibu wa viwango vya Marekani, na gramu 2 nilizokuwa nikinywa ndicho kikomo ambacho viwango hivyo hivyo vinashauri kisivukwe. Kikomo hicho hakikuwekwa kwa ubahili. Mtu anapopata kiasi cha kawaida, utumbo hufyonza asilimia 70 hadi 90 ya vitamini hiyo, lakini akipita gramu 1 hufyonza chini ya nusu. Inayosalia huvuta maji utumboni, na hapo ndipo tumbo langu lilipoharibikia, huku ile ya ziada iliyofanikiwa kuingia katika damu ikitolewa na figo kwa njia ya mkojo. Figo zenyewe hazisalimiki daima: katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu wanaume wa Uswidi, waliokuwa wakinywa vidonge hivi walipata mawe ya figo takriban mara mbili zaidi ya wale wasiotumia virutubisho. Hilo muuzaji hakunigusia.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba maneno yao huanzia kwenye ukweli. Ni kweli kwamba chembechembe nyeupe za damu hujikusanyia vitamini C kwa wingi kuliko ilivyo katika maji ya damu, na ni kweli kwamba anayeikosa kabisa hupata kiseyeye na kinga yake hudhoofika. Lakini kutoka hapo wanaruka moja kwa moja hadi kudai kwamba aliye nayo ya kutosha atapata kinga kubwa zaidi akiongezewa, kana kwamba taa iliyokwisha kujaa mafuta hung'aa zaidi kwa kumiminiwa mengine.

Ukibisha, unatajiwa Linus Pauling. Naam, alikuwa mwanakemia mkubwa na alipata Tuzo ya Nobel mara mbili, ya kemia mwaka 1954 na ya amani ya mwaka 1962, lakini hakuna kati ya hizo iliyohusu mafua, na kitabu chake cha mwaka 1970 kilichoeneza imani hii hakiwezi kufuta majaribio yaliyofuata. Tathmini ya mwaka 2013 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia na kujumlisha tafiti za tiba, ilikusanya matokeo ya watu zaidi ya 11,000, ikaona kwamba kwa watu wa kawaida kunywa vitamini C kila siku hakupunguzi idadi ya wanaopata mafua. Waliopungukiwa na hatari hiyo, tena kwa karibu nusu, walikuwa wakimbiaji wa marathoni, watelezaji kwenye theluji na askari waliokuwa mazoezini katika baridi kali, jumla yao wasiofika 600. Hao ndio wanaotumiwa kutuuzia vidonge sisi tunaoshinda tumeketi vitini.

Sitawanyima haki yao: waliokuwa wakiinywa kila siku kabla ya kuugua walipona mapema kidogo, kwa asilimia 8 kwa watu wazima na 14 kwa watoto. Kwa mafua ya siku 10, asilimia 8 haifiki hata siku moja. Ama wale wanaokimbilia vidonge baada ya chafya ya kwanza, yaani karibu sote, majaribio hayakuonyesha faida inayoweza kutegemewa. Je, kuna aliyewahi kuona maelezo hayo kwenye kifuniko cha chupa? Pale huandikwa tu "huimarisha kinga", maneno yasiyoahidi lolote linaloweza kupimwa, kisha ahadi yenyewe humaliziwa kwa mdomo na muuzaji, au na jamaa anayekutembelea ukiwa kitandani na kukukaripia kwamba ungekunywa vitamini C usingeugua. Kwa hiyo mgonjwa anaumwa, na papo hapo anageuzwa mzembe.

Wiki iliyopita nilirudisha chupa ambayo sikuwa nimeifungua. Fedha sikurudishiwa, nilichopewa ni maelezo mapya, kwamba nilikosea kuinywa vitamini C pekee bila kuichanganya na zinki. Mchanganyiko huo nao ulikwisha kupimwa Marekani wakati wa UVIKO-19, katika jaribio la wagonjwa 214 waliokuwa wakijiuguza nyumbani, ambako baadhi walipewa gramu 8 za vitamini C kwa siku, wengine zinki, wengine vyote viwili, na wengine matunzo ya kawaida tu. Lilisitishwa kabla ya wakati na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2021: hakuna kundi lililopona haraka kuliko jingine kwa tofauti ya maana. Nilimweleza muuzaji hivyo. Akaniuliza kama nimewahi kujaribu vitamini D.