Decline, wane, dwindle au flag: lipi linafaa kwenye ripoti?

Mhazini_Tabata: Wakuu, habari za jioni. Nina ripoti ya kwenda kwa wafadhili Ijumaa, inatakiwa Kiingereza. Nimekwama kwenye "kupungua". Kamusi imenimwagia decline, wane, dwindle, flag, ebb, abate. Nichague lipi? Nataka moja tu nitumie mwanzo hadi mwisho.

KalamuNyekundu: Kimepungua nini, mkuu? Watu, hela, ari au thamani ya shilingi? Bila hivyo tunapiga ramli.

BintiUpanga: Na hilo la "moja tu" litoe kichwani. "Kupungua" kwetu kunabeba idadi, maji, homa na hamu, kote sawa. Kiingereza kila mzigo una mchukuzi wake. Wane inakwenda na visivyohesabika: interest, influence, popularity, support. Ndilo neno la mwezi unaoanza kumegwa baada ya kupevuka. Ukiandika "prices waned" msomaji anajua umeliokota kwenye kamusi. Abate ni ya kero inayotulia: upepo, maumivu, homa. "Our savings abated" maana yake akiba ilikuwa inawasumbua, sasa afadhali!

MzeeWaFeri: Mnahangaika bure. Ebb. Maji yakipwa pale Kivukoni, hiyo ndiyo ebb. "Morale is at a low ebb." Fupi, tamu, mtu wa pwani hahitaji kamusi.

KalamuNyekundu: Shikamoo mzee. Hiyo kwa ari inapita, kwa idadi ya watu haipiti. "Membership ebbed" kwenye ripoti ya fedha ni ushairi.

Mhazini_Tabata: Samahani, sikueleza. Ni SACCOS. Wanachama walikuwa 412, sasa 365. Marejesho ya mikopo yametoka asilimia 94 hadi 88. Na mikutanoni watu hawaji kwa moyo. Nilishaandika "Members declined and flagged".

KalamuNyekundu: Futa yote mawili kabla hujalala.

"Members declined" inasomeka "wanachama walikataa". Walikataa nini? Kinachopungua ni uanachama, kwa hiyo "Membership declined".

Flag ndiyo hatari zaidi. Kuna ripoti ya chama kimoja iliandikwa "Members flagged in the second quarter", mwandishi akikusudia kwamba wanachama walilegea. Bodi ikasoma kwamba wanachama wametoa tahadhari, maana maofisini siku hizi flag ni kuweka alama kwenye jambo lenye shaka. Mkaguzi akaomba barua za malalamiko. Faili likapekuliwa, barua hakuna. Kukosekana kwa barua kukawa hoja ya ukaguzi yenye namba yake, ikahitaji majibu ya maandishi, na majibu yakataka muhtasari wa kikao ambacho hakikuwahi kufanyika. Kisa neno moja. Mtu anaweza kuwa "flagging", hiyo sawa, kachoka. Ila "flagged" peke yake, bila kusema ni nguvu au hamu, inateleza kwenda maana ya pili. Ukiipenda sana, andika "flagging enthusiasm" uishie hapo.

Dogo_Sinza: Mi ningeweka "membership dwindled". Inasikika vizuri.

BintiUpanga: Inasikika vizuri kwa chama kinachokufa, mdogo wangu. Dwindle ni kupungua kidogo kidogo mpaka kinachobaki ni cha kuhesabu kwa vidole. 365 kati ya 412 bado ni watu. Mfadhili akisoma dwindled atauliza kama mna akidi. Na usije ukaandika "was dwindled" kwa kufuata "imepunguzwa", hilo halitendwi. Diminish ndilo linakubali pande zote mbili, kupungua na kupunguza.

Kwa namba zako: "declined from 412 to 365", au "declined by 11.4 per cent". Ukiteleza ukaandika "to 11.4 per cent" umebakiza kama watu 47, yaani idadi ile ile ya walioondoka. Ikiwa nomino, "a decline in membership".

KalamuNyekundu: Marejesho nayo yana mtego. Kutoka 94 hadi 88 ni "six percentage points". Ukisema "6 per cent" umekosea hesabu, kwa asilimia ya ile 94 ni kama 6.4.

Dogo_Sinza: Na shilingi ikishuka?

KalamuNyekundu: "Weakened against the dollar", au depreciated. Devalued ni pale serikali yenyewe inapoishusha kwa tamko. Angalia tu, depreciation kwenye vitabu vya hesabu ni uchakavu wa mali, usizichanganye ukurasa mmoja.

MzeeWaFeri: Narudi kwenye ebb. Uzuri wake, maji yakipwa yatajaa. Mfadhili anapata matumaini.

BintiUpanga: Shikamoo mzee wangu, lakini kuna "his life ebbed away". Hapo hakijai kitu.

MzeeWaFeri: Marahaba. Hiyo ni kwa sababu ya away, wala si ebb.

Dogo_Sinza: Mafuriko ya Jangwani je, yakiisha ni ebb?

BintiUpanga: Hapana. Subside, yaani kina kinashuka. Au recede, maji yanajivuta kurudi mtoni.

Mhazini_Tabata: Nimeandika: "Membership declined by 11.4 per cent and interest in meetings waned." Katibu anasema declined ni laini mno, anataka "dropped".

KalamuNyekundu: Dropped ni ghafla, kama kitu kimeponyoka mkononi. Hao 47 waliondoka kwa mwaka mzima au kwa mwezi mmoja? Na hilo hukusema.