Kocha mkuu aajiriwe ili atwae ubingwa, au ili amfunge mtani wa jadi kwanza?

Mgeni_wa_Columbus

Habari za humu wakuu. Nimehamia Columbus, Ohio, kikazi na nimenaswa na futiboli ya vyuo vya Marekani (ile ya kukimbia na mpira mkononi, si soka), hasa timu ya chuo cha Ohio State. Kuna jambo bado halijaniingia akilini. Novemba 2024 kocha wetu Ryan Day alifungwa 13-10 na Michigan, mtani wetu wa jadi, hapa hapa nyumbani, mara ya nne mfululizo, na wenzangu kazini wakataka kibarua chake kiote nyasi jioni ile ile. Januari akaichapa Notre Dame 34-23 na kuwa bingwa wa taifa. Walishangilia, ndiyo, lakini mmoja wao alinijibu, "Sawa, na Michigan je?" Mpaka Day aliposhinda 27-9 kule Ann Arbor, nyumbani kwa Michigan, Novemba 2025 ndipo jamaa alipotulia.

Sasa nauliza: chuo kinapotafuta kocha mkuu, kinapima kweli kama ataweza kumkabili mtani wa jadi, au hayo ni ya mashabiki tu? Na anayefaa ni nani, mtoto wa nyumbani au mgeni mwenye rekodi nzuri?

Mzee_wa_Buckeyes

Karibu sana kijana. Huyo mwenzako usimshangae, hata mimi ningekujibu vile vile.

Kinapaswa kupima, na kisipopima kinalipa kwa miaka mingi. Mwaka 1987 chuo chetu, Ohio State, kilimfukuza kocha Earle Bruce Jumatatu ya wiki ya mechi ya Michigan. Wiki ile ile! Akaachwa aongoze mchezo wa mwisho. Vijana wakaingia uwanjani wamejifunga vitambaa vya kichwa vyenye jina lake, wakashinda 23-20, wakambeba mabegani. Uchungu ule sijausahau.

Aliyeletwa ni John Cooper kutoka Arizona State. Kwenye karatasi hukuweza kumkataa, kwa sababu Januari 1987 alikuwa ameifunga Michigan hiyo hiyo 22-15 kwenye Rose Bowl, mechi kubwa ya kufunga msimu. Nani angeuliza zaidi? Alikaa misimu 13 akashinda mechi 111. Mbele ya Michigan alishinda 2, akatoka sare 1, akafungwa 10. Na vipigo vilikuja pale pale vilipouma. Mwaka 1995 tulikwenda Ann Arbor hatujapoteza hata mechi moja, tukakutana na Tshimanga Biakabutuka, kijana mzaliwa wa Kinshasa, akakimbia na mpira yadi 313. Tukalala 31-23. Mwaka uliofuata tena tulikuwa hatujafungwa, tena nyumbani, wakatutoa 13-9. Cooper alikuwa kocha mzuri na alisajili vipaji vya ajabu. Lakini kwake ile ilikuwa mechi moja kati ya nyingi, angalau sisi wa majukwaani tulivyoona, na msimu wa 2000 ulipoisha akafungashiwa virago.

Januari 2001 akaja Jim Tressel. Wengi walinung'unika kwamba anatoka Youngstown State, ngazi ya chini, ingawa huko alikuwa ametwaa ubingwa mara 4. Siku aliyotambulishwa walimpa kipaza sauti kwenye mapumziko ya mechi ya kikapu. Akaahidi kwamba tutajivunia vijana wake darasani, mtaani, na zaidi ya yote baada ya siku 310, huko Ann Arbor. Yaani alikuja kazini ameshahesabu siku! Akashinda 26-20. Msimu wa pili akaifunga Michigan tena na kutwaa ubingwa wa taifa. Katika mechi 10 dhidi yao alipoteza moja tu, ingawa ule ushindi wa 2010 ulifutwa baadaye kwa makosa ya kinidhamu.

Kwa hiyo mimi siangalii kwanza kocha amezaliwa wapi. Tressel alikuwa mtu wa Ohio, na aliwahi kuwa msaidizi wa Bruce hapa hapa, hilo lilimsaidia. Ninachotaka kujua ni kama mechi ya Novemba ameianza Januari.

Dada_wa_AnnArbor

Shikamoo mzee. Leo nakuunga mkono, na huwa haitokei.

Sisi huku Michigan tulijifunza kwa kocha Rich Rodriguez. Alitoka West Virginia mwishoni mwa 2007 na mfumo wake wa kasi uliokuwa ukitamba. Msimu wa kwanza alishinda 3 akapoteza 9, na Ohio State ilimfunga mara zote 3. Tukasema basi, tutafute anayeijua nyumba. Akaja Brady Hoke, aliyewahi kuwa msaidizi hapa, mtu ambaye hata kulitamka jina zima la Ohio State hakutaka, akiwaita "Ohio" tu. Mwaka wa kwanza akashinda 40-34, tukalia kwa furaha. Halafu akafungwa mara tatu mfululizo na kuondoka. Mapenzi ya nyumbani hayapangi safu ya ulinzi.

Mgeni, mfano wa kuuangalia ni Jim Harbaugh. Alicheza kwotabeki (mpanga mashambulizi) hapa chini ya Bo Schembechler, kocha wetu wa zamani, na mwaka 1986 aliahidi hadharani ushindi dhidi ya Ohio State akautimiza, 26-24. Damu ya nyumbani kabisa. Na bado alifungwa mechi zake 5 za kwanza dhidi yao akiwa kocha! Baada ya msimu mbovu wa 2020 chuo kilimpunguzia mshahara lakini hakikumfukuza. Akabadilisha wasaidizi, akamleta Mike Macdonald kusimamia ulinzi, na 2021 tukashinda 42-27. Mwaka 2023 tukawa mabingwa wa taifa. Wangemsikiliza kila mwenye hasira tusingefika pale.

Mzee_wa_Buckeyes

Dada, umeruka habari ya kuiba ishara za makocha wa timu pinzani. Harbaugh alisimamishwa mechi 3 mwaka 2023, na hata ile dhidi yetu hakuwepo uwanjani.

Dada_wa_AnnArbor

Sijaruka mzee, na sitetei. Lakini siku ile aliyeongoza ni Sherrone Moore, tukashinda 30-24. Mwaka uliofuata Moore akiwa kocha mkuu tukawafunga kwenu, ile 13-10 aliyoanza nayo mgeni.

Mtu_wa_Tuscaloosa

Mnalitazama kwa upande mmoja jamani. Nick Saban msimu wake wa kwanza Alabama, 2007, alifungwa 17-10 na Auburn, mtani wetu, na wiki moja kabla alikuwa amefungwa na Louisiana-Monroe, timu ndogo. Tungepima kwa mtani tungemtimua. Akabaki, akatupa ubingwa wa taifa mara 6. Ajiri mjenzi wa timu, mtani atafuata.

Siku hizi kinachonitia hofu ni mtani kukuchukulia kocha. Lane Kiffin, kocha wa Ole Miss (Chuo Kikuu cha Mississippi) wakati huo, aliifunga Mississippi State 38-19 Novemba 2025, siku mbili baadaye akatangazwa kocha wa LSU (Louisiana State), wakati Ole Miss yake ina ushindi 11 na inasubiri mchujo wa ubingwa. LSU ni mahasimu wao wa miaka nenda rudi. Wale vijana walistahili kumaliza safari na kocha wao.

Mpenzi_wa_Army

Naongeza mfano ambao haujaguswa, Army na Navy, timu za vyuo vya jeshi la nchi kavu na la majini. Navy walishinda mara 14 mfululizo, kuanzia 2002 hadi 2015. Mwishoni mwa 2013 Army wakamwajiri Jeff Monken, ambaye aliwahi kuwa kocha msaidizi huko huko Navy chini ya Paul Johnson, yule yule aliyeanzisha mfululizo ule. Mfumo wa kukimbia na mpira aliujua kutoka ndani. Akafungwa mara 2, wakamvumilia, na 2016 akashinda 21-17. Schembechler naye alikuwa hivyo hivyo: alicheza chini ya Woody Hayes, akawa msaidizi wake Ohio State, kisha mwaka 1969, msimu wake wa kwanza Michigan, akamfunga mwalimu wake 24-12 wakati Ohio State inashika namba moja nchini.

Mgeni, mimi ningekuwa kwenye kamati ya ajira, simu ya kwanza ningempigia msaidizi aliyekaa miaka kwenye benchi la mtani.