Naombeni ushauri: nina chupa 12 za skinkea ya Kikorea na uso unazidi kuharibika, nibaki na zipi?

bibie wa Tabata

Habari za saa hizi wadau, poleni na majukumu. Naomba msinicheke maana mume wangu ameshanicheka vya kutosha, juzi kaingia bafuni akauliza hivi humu ndani tumefungua duka la vipodozi na mimi sijaambiwa?

Ni hivi, mwezi wa kwanza nilikuwa na chunusi za kawaida tu kidevuni, zile za kila mwezi, zikiondoka zinaacha madoa meusi. Nikaanza kufuatilia wale wadada wa Kikorea wana ngozi kama kioo nikaingia mzima mzima, hatua kumi za kupaka usoni, kila mshahara ukitoka naagiza kimoja mpaka nimekuja kupiga hesabu ni kama laki tatu na themanini hivi. Miezi miwili ya mwanzo uso uling'aa kweli, ofisini wakawa wananiuliza unatumia nini. Toka mwezi wa tano ndio balaa limeanza, nikinawa ngozi inabana kama ngoma, mashavu yana joto muda wote, paji la uso limejaa vipele vidogo vidogo, na kilichonitisha zaidi juzi nimenawa maji matupu ya bomba uso ukawaka kama nimepakwa pilipili.

Nimeamua nipunguze ila sijui nitoe nini nibakize nini, kila kimoja niliambiwa ndio cha muhimu kuliko vyote. Navitaja na kilivyobaki ili mnishauri vizuri: klenza ya mafuta, yaani ya kusafishia uso (nusu), klenza ya povu (inaelekea kuisha), skrabu ya chembe chembe (nusu), tona ya asidi ya glaikoliki 7% (imebaki robo), tona nyingine ya kulainisha (nusu), esensi ya ute wa konokono (nusu), seramu ya vitamini C (imebaki kidogo na imegeuka rangi kama chai ya rangi), seramu ya niasinamaidi 10% (nusu), retinoli ya usiku (nusu), krimu ya macho (haijaguswa sana), moischaraiza ya kopo, yaani krimu ya kulainisha ngozi (robo), sanskrini ya kukinga jua ya ml 50 niliyonunua mwezi wa tatu (bado imejaa). Plus maski za karatasi kila Jumapili.

Nina miaka 29, ngozi yangu ni ya mafuta kwenye pua na paji, mashavu ya kawaida. Nawasilisha.

Kipande cha Mche

Ute wa konokono??? Yaani unalipia kitu ambacho mvua ikinyesha kwetu kinatembea ukutani bure. Mimi naosha uso na sabuni ya kipande ile ile ya kufulia, napaka mafuta ya mgando, nina miaka 41 na sina hata kipele. Narudi kukaa siti ya nyuma.

dawa kaunta

Mkuu hapo juu una bahati ya kuzaliwa nayo, usiwashauri watu wapake sabuni ya kufulia usoni, ile ina magadi inakausha ngozi vibaya.

Dada pole. Mimi ni mfamasia, naongea kwa nilichokiona dukani maana wateja wa aina yako siku hizi ni wengi. Angalia list yako, ndani yake kuna vitu vitatu vinavyochubua: skrabu, glaikoliki na retinoli, na bado vitamini C asubuhi. Ulikuwa unavitumia vyote kwa siku moja? Ngozi ya juu kabisa ni kama paa la makuti, seli zilizokufa zimelaliana na katikati kuna mafuta mafuta yanayozuia maji ya ndani yasitoke na takataka za nje zisiingie. Wewe umekaa miezi unachomoa kuti moja moja, sasa paa linavuja ndio maana hata maji ya bomba yanakuchoma. Ule mng'ao wa miezi miwili ya kwanza nao ulikuwa ni huo huo mchubuo, ngozi mpya imetoka nje kabla ya wakati wake.

Kabla sijaendelea nijibu haya: (1) una ujauzito au unatafuta? (2) kuna krimu yoyote isiyo na lebo ulichanganyiwa dukani?

bibie wa Tabata

@dawa kaunta asante sana. Mkorogo sijawahi kugusa, mama yangu angeniua. Ujauzito sina ila tumeanza kutafuta mtoto wa pili. Na ndiyo, glaikoliki na retinoli nilikuwa napaka usiku mmoja, glaikoliki kwanza, nasubiri ikauke, halafu retinoli. Skrabu mara tatu kwa wiki 🙈

dawa kaunta

Basi retinoli toa leo leo, usisubiri iishe. Familia yote hiyo ya dawa za vitamini A haitakiwi kwa mjamzito na unaweza kuwa nayo wiki tatu ndio ukaja kushtuka umeshika mimba. Glaikoliki na skrabu weka kabatini. Vitamini C iliyogeuka rangi ya chai imeshaharibika, mwaga.

Kwa wiki nne zijazo una vitu vitatu tu, narudia VITATU. Usiku klenza laini isiyo na harufu, halafu moischaraiza. Asubuhi maji tu, moischaraiza kidogo kama unaona inabana, halafu sanskrini. Kwa nini wiki nne, kwa sababu ngozi huchukua muda kama huo kujibadilisha, ukianza kujaribu kitu kipya siku ya sita kwa sababu umeona nafuu utarudi hapa na uzi mwingine.

Kibosho Kwetu

Wadau mmesoma list yote mkaruka kitu kikubwa kuliko vyote. Angalieni vizuri. Karibu kila chupa imefika nusu, robo, inaelekea kuisha. Sanskrini imenunuliwa mwezi wa tatu, leo ni mwezi wa nane, IMEJAA.

Bibie hebu sema ukweli unapaka kweli?

bibie wa Tabata

@Kibosho Kwetu umenikamata 😂😂 Napaka siku moja moja tena tone tu. Sababu ya kwanza inaniacha mweupe kama nimetoka kusaga unga, siku ya kwanza nimefika ofisini bosi akaniuliza unaumwa? Sababu ya pili ni bei, naionea huruma.

Kibosho Kwetu

Ndio hapo sasa. Kipimo cha uso na shingo ni mistari miwili, unakamulia juu ya kidole cha shahada na cha kati toka mwanzo mpaka ncha. Ukipaka hivyo kila asubuhi, tubu ya ml 50 haimalizi miezi miwili. Yako ina miezi mitano. Kwa hiyo umetumia laki tatu na ushee kufuta madoa usiku, mchana jua la kituo cha daladala linayarudisha yote, tena kwa nguvu zaidi maana ulikuwa umechubuka. Chunusi ikiondoka ikaacha doa, jua ndilo linalofanya lile doa likae miezi, na sisi weusi ndio madoa hayo yanatupenda. Watu wanasema melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, inatutosha. Inatusaidia kwenye kuungua ila kwenye madoa hapana.

Nimefanya kazi karibu na pale hospitali ya KCMC Moshi kwenye kile kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, RDTC, pale wanatengeneza sanskrini inaitwa KiliSun kwa ajili ya wenzetu wenye ualbino. Nilikuwa naona wanavyofundishwa kupaka, masikio, shingo ya nyuma, midomo, mgongo wa mkono, na kurudia mchana. Kwao ni suala la saratani, si urembo. Toka siku zile sijawahi kuionea huruma tubu ya sanskrini.

Kuhusu weupe, hizo ni zile zenye zinki au titani nyingi. Tafuta isiyo na hizo, mbona Wakorea wenyewe wanazo nyingi nyepesi kama maji, mke wangu anatumia ile ya mchele ya Beauty of Joseon, SPF 50 (hicho ni kiwango cha kinga ya jua), haiachi kitu. Au tafuta yenye rangi rangi ya kahawia, ile oksidi ya chuma iliyomo inakinga hata mwanga wa kawaida unaochangia madoa.

Shangazi wa Ng'ambo

Mie nipo Unguja, hizo hatua kumi nikizihesabu nachoka kabla sijafika ya tano. Huku kwetu liwa na maji ya mawaridi basi, unasugua liwa juu ya jiwe unapaka usiku unalala. Mwanangu acha madawa ya watu rudi kwenye vyetu.

dawa kaunta

Shikamoo shangazi. Liwa siipingi kwa ngozi nzima ila kwa sasa hivi asiweke chochote chenye harufu, hata mawaridi, hata limao na manjano kutoka jikoni. Paa likishaezekwa upya atajaribu, kwanza nyuma ya sikio siku tatu.

Shangazi wa Ng'ambo

Marahaba. Haya daktari.

msomi Daejeon

Nimeuona uzi huu nikiwa darasani, niko Korea mwaka wa tatu sasa. Hizi hatua kumi watu wanazisema sana huko nje kuliko huku. Mwenzangu wa chumbani ni Mkorea, ana vitu vitatu kwenye shelfu na kopo moja la krimu, na siku hizi wao wenyewe wana msemo wa "skip-care", yaani kuruka ruka hatua. Wapo wanaopaka vingi ndiyo, mama zao hasa.

Halafu kuna kitu watu hawakisemi. Huku Disemba mpaka Februari baridi inashuka chini ya sifuri, hewa kavu, na ndani nyumba zinapashwa joto kupitia sakafuni, wanaita ondol, usiku mmoja tu midomo inapasuka. Mimi mwenyewe mwaka wa kwanza nilitoka damu puani nikadhani naumwa. Hapo kupaka tona, juu yake esensi, juu yake krimu kuna maana, unarundika maji kwenye ngozi. Sasa wewe uko Tabata mwezi wa pili, unyevu hewani mpaka nguo hazikauki, unapaka matabaka sita halafu unapanda daladala. Hayo matabaka yanaenda wapi? Yanachanganyika na jasho yanaziba. Ungekuwa Makete ningekuambia mengine.

Kipande cha Mche

Sasa huyu ndio kaongea. Kumbe ni makoti ya baridi yanauzwa Dar 😂

Mama Wawili

Na vipele vya paji mbona hakuna aliyeuliza nywele? Dada umesuka? Mimi vilinitesa mwaka mzima nikabadilisha sabuni nne kumbe ni mafuta ya nywele, napaka kwenye laini za rasta, nikipata jasho yanashuka kwenye paji. Siku niliyoanza kulala na kitambaa na kufuta paji kabla ya kulala, wiki ya tatu vikaanza kukauka. Badili na foronya.

dawa kaunta

Hoja nzuri sana hiyo. Niongeze, vikiwa vinafanana vyote ukubwa na VINAWASHA, inaweza isiwe chunusi, kuna fangasi anayeishi kwenye ngozi ya kila mtu, anapenda mafuta na jasho. Huyo hasikii dawa za chunusi. Kama baada ya wiki nne vipo vile vile nenda kwa daktari wa ngozi akuangalie kwa macho, huku tunabahatisha.

bibie wa Tabata

Nimesuka ndiyo na mafuta napaka kila siku, Mungu wangu. Swali la mwisho, klenza ya mafuta niiache? Na konokono?

msomi Daejeon

Klenza ya mafuta baki nayo kwa siku umepaka mekapu au sanskrini nzito tu. Unapaka uso mkavu na mikono mikavu, unasugua taratibu, ndio unaongeza maji kidogo inageuka nyeupe kama maziwa, hapo unasuuza. Ukipaka uso umelowa haifanyi kazi inabaki inateleza tu. Siku umeshinda nyumbani huihitaji. Konokono haina ubaya, ni ya kulainisha, lakini kazi yake na ya moischaraiza ni ile ile, unalipa mara mbili. Krimu ya macho nayo ni moischaraiza kwenye kopo dogo kwa bei kubwa, usinipige mawe.

bibie wa Tabata *(baada ya wiki tano)*

Wakuu nimerudi na mrejesho. Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu, nilijiona mchafu, saa mbili usiku nimeshamaliza uso nakaa sijui nifanye nini. Siku ya nne nikajikuta nimeshika chupa ya glaikoliki nikamuita mume wangu aifiche, na mpaka leo hajasema kaiweka wapi. Maji yaliacha kuchoma kama siku ya kumi hivi. Mashavu yametulia. Vipele vya paji vimebaki vichache pembeni kwenye nywele, nimefumua rasta kwanza. Madoa yapo ila naona yanaanza kupauka, chunusi ya mwezi imekuja moja badala ya familia.

Sanskrini nimebadilisha, ya sasa haina weupe na imeshafika chini ya nusu, @Kibosho Kwetu nimekukumbuka kila asubuhi nikikamua mistari miwili. Asubuhi dakika tano nimemaliza nawahi gari la saa kumi na mbili na nusu.

@dawa kaunta kwa haya madoa naongeza nini na natafuta mtoto?

dawa kaunta

Hongera. Ile niasinamaidi unayo, anza nayo usiku mara tatu kwa wiki kabla ya moischaraiza, ikikuwasha acha. Ikiisha njoo tuongee kuhusu asidi ya azelaiki, hiyo hata mjamzito hutumia. Kimoja kimoja, usinunue vyote viwili mwisho wa mwezi huu nakujua.

Kipande cha Mche

Samahani bibie, ile konokono iliyobaki nusu unaiuza bei gani? Naulizia kwa ajili ya rafiki.

bibie wa Tabata

Mwambie rafiki aje PM 😂 ila skrabu simuuzii mtu.