Kuziomba Zaburi zote 150: nishike mpango gani?

Chemchemi
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Nataka kuziomba Zaburi, si kuzisoma tu. Nikizifuata moja baada ya nyingine, shauku huisha kabla ya ile ya 50. Halafu zile za kuwalaani adui, mtu anaziombaje? Naomba mwongozo wa vitendo.

Kinubi
Amina, mpendwa. Acha kuzifuata kwa mfululizo. Maombolezo yamejaa nusu ya kwanza ya kitabu, sifa zimerundikana mwishoni, kwa hiyo anayeanzia ya 1 hukutana na kilio juu ya kilio.

Chukua tarehe ya leo, kisha uongeze 30 mara nne. Tarehe 7 utakuwa na 7, 37, 67, 97 na 127: tatu asubuhi, mbili jioni. Siku 30 zinamaliza zote. Tarehe 29 ndiyo yenye mtego, maana inakuletea 119 yenye mistari 176. Iweke kando hadi tarehe 31, au uigawe: ina beti 22 za mistari minane minane, ubeti mmoja kwa siku.

Ukikosa siku, usifidie. Ingia na tarehe uliyoamkia. Wengi huacha kabisa pale wanapojaribu kulipa Zaburi kumi na tano kwa mkupuo.

Soma kwa sauti, hata ya chini. Karibu kila mstari una pande mbili, na upande wa pili huukazia au huugeuza ule wa kwanza. Tua kidogo katikati. Ukipita mbio, utasikia marudio tu.

Masifu ya Jioni
Tumsifu Yesu Kristo. Kuhusu laana: Liturujia ya Vipindi, yaani sala rasmi ya kila siku ya Kanisa Katoliki, iliyotengenezwa upya baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (mkutano mkuu wa maaskofu), iliziacha kabisa Zaburi 58, 83 na 109, pamoja na mistari kadhaa ya nyingine. Kwa hiyo ukiziruka mwanzoni, hujafanya la ajabu.

Ila kuziruka maisha yote naona ni hasara. Mwenye kuomba pale hajashika upanga. Amempelekea Mungu hasira yake na kumwachia hukumu, sawasawa na Warumi 12:19. Kanuni moja tu: usiweke jina la mtu kwenye laana. Iombe kwa niaba ya aliyeonewa, au dhidi ya uovu wenyewe. Kisha, kabla ya kuinuka, mtaje yule aliyekukosea na umwombee heri, kwa kuwa Mathayo 5:44 haijafutwa.

Angalia pia namba. Vitabu vinavyofuata hesabu ya Kigiriki na Kilatini viko nyuma kwa moja kuanzia ya 10 hadi ya 147, isipokuwa sehemu chache. Bwana ndiye mchungaji wangu ni ya 23 kwenye Biblia nyingi, ila huko ni ya 22.

Mtumishi mdogo
Shalom. Mpango wa Kinubi ni mzuri, lakini kwa anayeanza naona tano ni nyingi. Anza na moja, uiombe hadi iingie.

Jaribu ya 13, ina mistari sita tu. Mstari wa 1 na 2 ni lawama: "hata lini?" imerudiwa mara nne. Hapo taja jambo lako lenyewe, kwa jina lake. Wa 3 na 4 ni ombi, nawe omba kitu kimoja. Wa 5 na 6 ni tumaini. Usilazimishe furaha usiyokuwa nayo. Sema maneno yalivyo, yatatangulia moyo. Na kuna siku tumaini halitatamkika kabisa. Hapo nenda kwenye ya 88, ambayo inaishia gizani bila kufunguka, na bado ni sala.

Kisha chagua nusu ya mstari utakayotembea nayo mchana. Kwa ya 15, shika lile la mwenye haki asiyegeuza kiapo hata kikimtia hasara, kisha tafuta ahadi moja uliyoichelewesha na uitimize siku hiyohiyo.

Chemchemi
Mbarikiwe sana. Nitaanza na moja asubuhi, kisha nihamie kwenye hesabu ya tarehe. Na usiku je?

Kinubi
Ya 4, kitandani, taa ikiwa imezimwa. Mstari wa 4 unakutaka utafakari moyoni na kutulia. Wa 8 ndio wa kulalia.